Urefu Peke Yake Haufiki Kikapuni: Safari ya Khaman Maluach na Funzo Lake kwa Vijana wa Garissa

Utangulizi

Kiswahili kina tashbihi nyingi za kumsawiri mtu mrefu. Husemwa kuwa fulani ni mrefu kama mlingoti, mrefu kama mnazi au mrefu kama twiga. Na aliyepita kiasi huitwa njorinjori. Anayeishi Garissa haihitaji picha ya kitabuni ili aielewe tashbihi ya twiga, kwani hifadhi ya Bour-Algi, iliyo kilomita chache kutoka mjini, inawafuga twiga wanaoonekana wakichuma majani ya migunga. Hata hivyo, tashbihi hizi zote zina upungufu mmoja: zinamtazama mrefu kwa macho ya mtu aliyesimama chini akishangaa. Zinatuambia jinsi anavyoonekana, lakini hazituambii anachoweza kufanya.

Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera si ajabu kumkuta kijana aliyewapita wenzake kwa kichwa kizima. Kila apitapo, hakosi mtu wa kumwambia kuwa angefaa kucheza mpira wa vikapu. Kauli hiyo husemwa kwa nia njema, ila imebeba dhana kwamba kimo ndicho mchezo wenyewe, na kwamba aliyejaliwa kimo amekwisha kuupata uchezaji. Makala haya yanadhamiria kuichunguza dhana hiyo kwa kuangalia maisha ya senta chipukizi mmoja wa Afrika Mashariki, Khaman Maluach, na kuyalinganisha na ya wawili waliomtangulia, Hasheem Thabeet wa Tanzania na Bismack Biyombo wa Kongo. Mwishoni tutarejea Garissa ili tuulize ni nini hasa ambacho kijana mrefu wa huko anakihitaji.

Senta ni nani?

Kabla ya kuendelea, yafaa tufafanue istilahi. Timu ya mpira wa vikapu huwa na wachezaji 5 uwanjani kwa wakati mmoja. Uwanja wa kimataifa una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, na pete ya kikapu hufungwa mita 3.05 kutoka ardhini. Senta, au mchezaji wa kati, ndiye aghalabu mrefu kuliko wote, na himaya yake ni eneo lililo karibu na kikapu. Inafurahisha kuona kwamba Kiswahili na Kisomali, lugha mbili zinazokutana kila siku katika soko la Garissa, ziliutafsiri mchezo huu kwa njia moja: Waswahili wakasema mpira wa vikapu, na Wasomali wakasema kubbadda koleyga, yaani mpira wa kikapu vilevile.

Kazi za senta ni nyingi. Timu yake inapolinda, yeye huwa mlinzi wa mwisho. Mpinzani akiwapenya wenzake wote, sharti akutane na mikono yake. Mpira ukigonga pete au ubao na kurudi, ni jukumu lake kuuwahi. Timu inaposhambulia, husimama imara mbele ya mlinzi wa upande wa pili ili mwenzake mwenye mpira apate upenyo, kisha hugeuka na kukimbilia kikapuni kupokea pasi ya juu.

Kazi hizo hutawaliwa na sheria kali. Haruhusiwi kuugusa mpira uliotupwa kuelekea kikapuni ukiwa umekwisha kuanza kushuka. Akiugusa, wapinzani huhesabiwa alama kana kwamba mpira umeingia. Timu yake inaposhambulia, hawezi kukaa zaidi ya sekunde 3 mfululizo katika eneo la mstatili lililo chini ya kikapu. Katika ligi ya NBA ya Marekani, hata anapolinda hawezi kujikalia humo kwa muda huo pasi na kumkaba mtu. Kwa hivyo senta anayesimama kama mlingoti huadhibiwa na mwamuzi au huachwa nyuma na wapinzani. Anapaswa kuhesabu muda, kusoma mwendo wa watu 9 wengine, kuruka kwa wakati wake na kutua bila kumwangukia mtu. Mambo haya hayazaliwi na mtu. Hufundishwa, hurudiwa na kusahihishwa.

Kutoka Rumbek hadi Kawempe

Khaman Maluach alizaliwa tarehe 14 Septemba 2006 katika mji wa Rumbek, ambao sasa umo nchini Sudan Kusini. Angali mtoto, familia yake ilihamia Uganda na kuishi Kawempe, mtaa wa watu wa kipato cha chini ulio kaskazini mwa Kampala. Kama watoto wengi wa mitaa ya aina hiyo, mchezo wake wa kwanza ulikuwa kandanda. Mpira wa vikapu aliuanza mwaka 2019, akielekea umri wa miaka 13, baada ya kuambiwa na watu waliomwona njiani kwamba kimo chake kinafaa mchezo huo. Uwanja wa mazoezi ulikuwa mbali na nyumbani, na alilazimika kuuendea kwa miguu. Viatu vya mchezo vya saizi yake havikuwepo, hivyo alianza kwa kuvaa viatu vya plastiki. Mengi ya awali aliyajua kwa kutazama video za wachezaji mashuhuri katika intaneti.

Hadi hapa, kisa chake hakitofautiani na cha kijana yeyote mrefu wa Hagadera, Ifo au Dagahaley, kambi za Dadaab zilizofunguliwa mwaka 1991 na 1992 katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Garissa. Yeye pia ni mtoto aliyehamishwa na misukosuko ya nchi yake, aliye mrefu na asiye na viatu. Tofauti inaanzia katika yale yaliyofuata.

Miaka ya kufundishwa

Mwaka 2021 Maluach alichaguliwa kujiunga na Akademia ya NBA ya Afrika nchini Senegal, shule ya bweni ambamo vijana kutoka nchi mbalimbali za bara hili husoma masomo ya kawaida na kufundishwa mpira wa vikapu. Mwaka huohuo ndipo Ligi ya Mpira wa Vikapu ya Afrika, maarufu kama BAL, ilipochezwa kwa mara ya kwanza jijini Kigali. Ligi hiyo iliweka utaratibu wa kuwagawa vijana wa akademia katika timu zake. Maluach aliichezea Cobra Sport ya Sudan Kusini mwaka 2022, AS Douanes ya Senegal iliyofika fainali mwaka 2023, na City Oilers ya Uganda mwaka 2024. Yaani kabla ya kutimiza miaka 18 alikuwa amekwisha kucheza misimu 3 dhidi ya watu wazima.

Wakati uo huo, nchi yake ilikuwa inajijenga. Shirikisho la mpira wa vikapu la Sudan Kusini liliongozwa na Luol Deng, mkimbizi wa zamani aliyelelewa Misri na Uingereza kisha akacheza NBA kwa miaka mingi. Chini ya uongozi wake, timu ya taifa ilifuzu kwa Kombe la Dunia la mwaka 2023, na Maluach akajumuishwa akiwa na miaka 16. Matokeo ya mashindano hayo yaliipa Sudan Kusini tiketi ya Olimpiki ya Paris 2024. Siku chache kabla ya Olimpiki hiyo, katika mechi ya kirafiki jijini London, timu hiyo ilishindwa na Marekani kwa alama 101 kwa 100 tu. Jijini Paris iliifunga Puerto Rico alama 90 kwa 79, ushindi wake wa kwanza katika Olimpiki. Nchi iliyopata uhuru mwaka 2011 ilikuwa imeiduwaza dunia.

Kutoka hapo Maluach alikwenda Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, chuo alichosomea Luol Deng pia. Katika msimu wa 2024 hadi 2025 alikuwa senta wa kikosi cha kwanza, na timu yake ikafika nusu fainali ya kitaifa. Kimo chake hutajwa kuwa kati ya mita 2.16 na 2.18, na akisimama wima na kuinua mkono pasi na kuruka, vidole vyake hukaribia pete. Lakini wataalamu waliomtazama hawakusifu kimo tu. Walisifu miguu yake: kwamba mtu wa kimo hicho anaweza kutoka chini ya kikapu, kumfuata mchezaji mdogo na mwepesi hadi mbali, kisha kurejea kwa wakati. Tarehe 25 Juni 2025 aliteuliwa wa 10 katika uteuzi wa wachezaji chipukizi wa NBA, na haki zake zikaenda kwa Phoenix Suns. Alipohojiwa usiku huo alibubujikwa na machozi, akieleza kwamba amelibeba bara zima.

Hata hivyo, kuteuliwa ni kubishiwa hodi tu. Katika kipindi hichohicho Phoenix walimchukua pia Mark Williams, senta aliyekuwa amecheza misimu kadhaa katika ligi hiyo. Kijana wa miaka 19 aliuanza msimu wa 2025 hadi 2026 akijua kwamba nafasi ya kuanza mchezo ataipata kwa kuifanyia kazi.

Thabeet na Biyombo: mizani ya kimo

Miaka 16 kamili kabla ya usiku huo, yaani tarehe 25 Juni 2009, Afrika Mashariki ilishangilia uteuzi mwingine. Hasheem Thabeet, kijana wa Kitanzania mwenye mita 2.21, aliteuliwa wa 2 na Memphis Grizzlies. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika NBA, na jina lake lilitajwa kabla ya James Harden aliyekuwa wa 3 na Stephen Curry aliyekuwa wa 7. Thabeet hakuwa amebahatisha. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa amezima mitupo ya wapinzani kiasi cha kutajwa mlinzi bora wa vyuo. Lakini aliuanza mchezo akiwa na miaka ipatayo 15 jijini Dar es Salaam, wakati ambapo hapakuwa na akademia wala ligi ya bara. Alilazimika kuondoka nyumbani akiwa kijana mdogo ili ajifunzie ugenini karibu kila kitu. Katika NBA alipita timu za Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City, na mwaka 2014 safari yake katika ligi hiyo ikakoma. Baadaye aliendelea kucheza katika nchi nyingine, zikiwemo Japani na Taiwan.

Wapo waliomcheka. Makala haya hayaungani nao. Thabeet aliingia katika ligi hiyo mchezo ulipokuwa unabadilika: timu zilikuwa zinazidi kutupa mipira kutoka mbali, na senta wa kukaa chini ya kikapu alikuwa anavutwa nje, mahali ambapo miguu mepesi hushinda mikono mirefu. Mtu aliyeanza akiwa amechelewa alihitaji muda mrefu wa kufundishwa, na ligi ya kulipwa haina subira hiyo.

Sasa mtazame Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, mji wa Kongo unaozungumza Kiswahili. Kimo chake ni takriban mita 2.03, kwa hivyo Thabeet anamzidi kwa sentimita 18 hivi. Kwa senta huo ni ufupi. Biyombo aliteuliwa wa 7 mwaka 2011, na akadumu katika NBA kwa zaidi ya misimu 10. Mwezi wa Mei 2016, akiichezea Toronto dhidi ya Cleveland, alidaka mipira 26 iliyorudi katika mechi moja ya mchujo. Alijua ahame wapi kabla mpira haujarudi, na alijua ausukume mwili wake vipi ili mrefu kuliko yeye asiufikie. Kabla ya NBA alikuwa amekwisha kucheza mpira wa kulipwa nchini Uhispania, chini ya makocha. Mwaka 2021 alipofiwa na baba yake, aliamua mshahara wake wa msimu uliofuata utumike kujenga hospitali nchini Kongo.

Tukiwaweka watatu hawa katika mizani moja, jambo moja linajitokeza. Aliyekuwa mrefu zaidi ndiye aliyedumu kwa muda mfupi, na aliyekuwa mfupi ndiye aliyedumu. Kimo humfungulia mtu mlango. Anayembakiza ndani ni mwalimu aliyemfunza mapema. Maluach ni mrefu kama Thabeet, au karibu hivyo, lakini alipata kile ambacho Thabeet hakukipata: miaka ya kukosea na kusahihishwa akiwa bado barani mwake.

Garissa ina nini, na inakosa nini?

Ni makosa kudhani kwamba mpira wa vikapu ni mgeni kwa jamii za eneo hili. Mwaka 1981 Mogadishu ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya ubingwa wa Afrika, na Somalia ikamaliza ya 3, nyuma ya Ivory Coast na Misri. Vita vya mwaka 1991 vilivyowaleta watu Dadaab vilivivunja pia viwanja na vilabu vilivyozaa timu ile. Kwa upande wa Kenya, Nairobi City Thunder ilikuwa timu ya kwanza ya nchi hii kucheza BAL, mwaka 2025. Kwa hiyo ngazi ipo, na kileleni pake panaonekana. Kinachokosekana ni vidato vya chini.

Kidato cha kwanza ni mwalimu. Katika shule nyingi za Kenya, kocha wa kwanza wa mtoto ni mwalimu wa darasani aliyepewa jukumu la michezo. Kaskazini Mashariki ilipata pigo kubwa katika jambo hili. Mwezi wa Novemba 2014, abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa, walimu wakiwa miongoni mwao. Tarehe 13 Januari 2020, walimu 3 waliuawa huko Kamuthe, Garissa. Kufuatia mauaji hayo, walimu wengi waliotoka maeneo mengine walihamishwa. Madarasa yalipokosa mwalimu wa hisabati na wa Kiswahili, nani angemkumbuka mwalimu wa michezo? Kijana aliyekuwa na kimo cha Maluach mwaka ule huenda alibaki na kimo chake tu.

Kidato cha pili ni uwanja na saa ya kuutumia. Joto la Garissa haliruhusu mazoezi ya mchana kwenye sakafu ya saruji isiyo na kivuli. Muda ufaao ni alfajiri, au magharibi baada ya swala, na saa za magharibi huhitaji taa. Uwanja usio na paa wala taa ni uwanja wa saa chache kwa siku.

Kidato cha tatu kinawahusu wasichana. Kwa miaka mingi, sheria za kimataifa za mchezo huu zilimzuia mchezaji kufunika kichwa. Mwaka 2017 shirikisho la kimataifa, FIBA, liliibadilisha sheria hiyo, hivyo msichana wa Garissa anaweza kucheza mashindano yoyote ya shirikisho hilo akiwa na hijabu yake. Mkenya Madina Okot, senta mwenye kimo cha takriban mita 1.98 aliyechezea Chuo Kikuu cha Zetech, alijiunga na Mississippi State nchini Marekani mwaka 2024, na mwaka 2025 akahamia South Carolina, chuo chenye timu ya wanawake inayosifika mno. Mlango wa nje umefunguka. Wa nyumbani ungali mikononi mwa wazazi na walimu.

Kidato cha nne hakitajwi sana katika habari za michezo, nacho ni karatasi. Tarehe 5 Aprili 2025, siku ambayo Maluach alicheza nusu fainali ya vyuo, serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza za watu wote wenye pasipoti za Sudan Kusini, kutokana na mzozo kuhusu upokeaji wa watu waliofukuzwa nchini humo. Kijana aliyekuwa anatazamwa na mamilioni ya watu alilala usiku huo bila kujua kama ataruhusiwa kubaki. Vijana wa Kaskazini Mashariki wanaielewa hali hiyo. Kwa miongo mingi, kijana wa Garissa aliyeomba kitambulisho alipitishwa katika uhakiki wa ziada ambao wenzake wa maeneo mengi hawakupitishwa. Wengine, waliosajiliwa utotoni kama wakimbizi ili familia zipate chakula, walinyimwa kitambulisho ilhali ni Wakenya. Mwezi wa Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba uhakiki huo umekomeshwa. Utekelezaji wa tangazo hilo una uzito hata michezoni: bila kitambulisho hakuna pasipoti, na bila pasipoti hakuna akademia ya Senegal.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba senta hutengenezwa. Kimo ni mali ghafi, kama ukindu ambao haujawa mkeka. Maluach, Thabeet na Biyombo wanatufunza kwamba umri wa kuanza kufundishwa, na wingi wa watu wanaomsahihisha kijana, una uzito kuliko sentimita alizojaliwa.

Msomaji anaweza kuuliza: haya yanawahusu nini wanafunzi wa Kiswahili? Yanawahusu kwa karibu. Wengi wetu tunasomea ualimu, na baadhi yetu tutapangiwa shule za Garissa, Wajir na Mandera, wakiwemo wanaohitimu katika Chuo Kikuu cha Garissa kilichopata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2017. Mwalimu mgeni wa Kiswahili ndiye mara nyingi anayekabidhiwa filimbi ya michezo, kwa kuwa hakuna mwingine. Siku hiyo atamkuta nyuma ya darasa kijana ambaye magoti yake hayaenei chini ya dawati. Asiishie kumwita njorinjori na kumwambia kuwa angefaa kucheza mpira wa vikapu; hayo amekwisha kuyasikia barabarani. Amuulize ana viatu vya namba gani, amwonyeshe namna ya kuruka na kutua, na amkumbushe mapema kukifuatilia kitambulisho chake.